Jumamosi za Bikizee

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenikuta na vitambaa vya mteja juu ya paa la gari. Nimeanza kuandika hapa kwa sababu mwaka jana uliisha bila mimi kujua ulikoenda. Basi, kwa atakayesoma: mimi ni fundi wa mapazia. Napima madirisha ya watu, nashona, nabeba fito na ngazi, nafunga. Bila gari sina kazi, na gari lenyewe ni Bikizee, ambaye rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka.

Baba alikuja na sanduku lake la spana, kama kila Jumamosi. Ni makenika aliyestaafu. Leo alifungua boneti, akawasha, akatega sikio, akazima. "Hana neno," akasema, na nilimwona alivyonywea. Chai aliinywa amesimama nje ya dirisha la jikoni.

"Ingia ukae, Baba."

"Mikono michafu, mwanangu."

Haikuwa michafu. Hakuwa amegusa kitu. Lakini Baba si mtu wa kukaa kwa mkwewe bila kazi. Kikombe hakijapoa, akaondoka. Mama alifariki mwaka jana, na siku hizi nikimpigia simu nasikia redio tu nyuma yake.

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu, Bwana Kikokotoo, amerudi na habari ya mwenzake kazini aliyenunua gari la umeme. Chakula kimepoa akihesabu. Petroli ya mwezi weka huku, umeme wa kuchaji weka kule, oili hakuna, plagi hakuna, rejeta hakuna. "Halina cha kuharibika, Mama Chiriku. Unaelewa? Halina cha kuharibika!"

Nilielewa. Nilimfikiria Baba.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mapazia ya chumba cha watoto, ya manjano.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia Baba simu nikamwambia Bikizee anagonga upande wa kushoto. Hagongi popote.

Jumamosi, 9 Machi

Alikuwa amefika kabla sijaamka vizuri. Aliingia chini ya gari, akatoka, akaingia tena. Alituzungusha mtaa mzima mimi na Chiriku, akaamuru tunyamaze, jambo ambalo mwanangu wa miaka minane haliwezi hata akiwa amelala. "Mimi nasikia, Babu!" alipiga kelele. "Inasema ko-ko-ko!"

"Hiyo ni midomo yako," Babu yake akamjibu. "Tukifika nyumbani naikaza."

Tulicheka. Alikula nasi mchana, amesimama mlangoni na sahani mkononi, lakini alikula. Alipoondoka alikuwa na oili mpaka kwenye nyusi, na anapiga mluzi. Nimefurahi sana. Kosa lililoleta raha namna ile, nilijiambia, ni kosa gani?

Jumamosi, 16 Machi

Lile la kugonga, uongo wangu, limenigeukia. "Mimi silisikii, mwanangu," Baba alisema, na uso wake ulikuwa na wasiwasi. "Labda masikio yangu." Nikaharakisha kusema limeisha lenyewe. Hakuridhika. Alisafisha masikio kwa kidole, mara kwa mara, mpaka anaondoka.

Wakati ujao nitampa kitu cha kukiona.

Ijumaa, 22 Machi

Nimelegeza klipu ya bomba la maji la rejeta. Kidogo tu, litoe machozi. Spana ni yake mwenyewe, aliisahau kwetu.

Jumamosi, 23 Machi

Aliligundua mara moja. "Ahaa! Huyu hapa!" Alimwita mume wangu aje aone, alimwita Chiriku, angepita jirani angemwita naye. Bwana Kikokotoo aliinama kwa heshima juu ya boneti, akasema, "Asante, Baba, usingekuwepo tungeunguza injini." Kisha alipoingia ndani alinitazama. "Umeona? Wiki ile kugonga, wiki hii maji. Huyu bibi amechoka."

Nilikuwa najipongeza.

Alhamisi, 28 Machi

Tumekwenda kwa muuza magari baada ya kazi. Sikumwambia Baba. Lipo moja la umeme, lilitumika nje, rangi ya maziwa. Muuzaji aliongea kwa sauti ya mtu anayeuza kiwanja peponi. Mume wangu alimbana: betri imebaki na nguvu kiasi gani? Ikifa inagharimu nini? Maji yakijaa barabarani je? Nikitaka kuliuza mimi, nani atanunua? Jibu la betri lilimtoa jasho muuzaji. Ikifa, bei yake inakaribia nusu ya gari. Lakini alituonyesha kipimo, na bado iko vizuri.

Kisha akanipa usukani.

Nitaandika ukweli hapa, maana pengine siusemi. Lilipoondoka halikutoa sauti. Nilisikia mvua ikigonga paa na pumzi yangu mwenyewe. Nyuma kuna nafasi ya fito zangu zote bila kuzipitisha dirishani. Mawazo yakanijia ya kuamka asubuhi na kuondoka tu, bila kumbembeleza Bikizee awake. Nililitaka. Nililitaka kama mtoto anavyotaka pipi ya mwenzake.

Ijumaa, 29 Machi

Nimelegeza waya wa taa ya nyuma. Kwa ajili ya Baba.

Jumamosi, 30 Machi

Baba kaipata taa. Ameshinda hapa mpaka alasiri.

Jioni mume wangu aliiongeza taa kwenye hesabu zake za kichwani, na nilimwacha aiongeze. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, nachambua mchele. Badala yake nikauliza, "Kwa hiyo lile la umeme litajilipa haraka?" Akasema matengenezo yakiendelea hivi, mwaka mmoja tu halafu tunaanza kupata faida. Nikajisikia raha. Ile raha ilipopita, nilijiona mchafu.

Jumanne, 2 Aprili

Fundi umeme amekuja kuangalia kama nyumba itabeba kuchaji gari. Amefungua boksi la meni swichi akaguna. Nyaya ni za zamani, soketi ya ukutani itachemka, tunahitaji laini ya peke yake kutoka kwenye mita, na waya wa kwenda ardhini ambao aliyejenga nyumba hii hakujisumbua nao. Mwenye nyumba amekubali, ili mradi tulipe sisi. Mwenye nyumba ana moyo wa ukarimu sana kwa mifuko ya wengine.

Umeme nao umekatika fundi akiwa juu ya ngazi. Mume wangu akacheka peke yake. Anasema atachaji siku unapokuwepo, kilomita za wiki nzima zinatosha kwenye chaji mbili.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua usiku kucha. Baba amekaza nati za betri, amezipaka grisi, amesema hizo sasa hazitikisiki mpaka kiama. Hakuna kingine. Ameondoka mapema, amesahau mwavuli.

Jumatano, 10 Aprili

Nimelegeza nati ya betri. Mizunguko miwili. Niliwahi kwa sababu kesho na keshokutwa nina mapazia ya zahanati ya kupiga pasi, na nilidhani Bikizee atakuwa amekaa tu uani mpaka Jumamosi.

Alhamisi, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Muuguzi mkuu wa zahanati alipiga simu asubuhi. Wanataka mapazia ya wodi ya wazazi leo, si Jumatatu, mgeni mkubwa anakuja. Yalikuwa yamebaki kupiga pasi tu. Msaidizi wangu anaumwa. Nikampigia Baba anishikie ngazi. Alikuja amevaa shati lake zuri, kwa sababu ni zahanati. Akasema ataendesha yeye, barabara zimejaa maji. Mimi nilikuwa najaza fito, nahesabu ndoano, nampigia muuguzi. Nati haikunijia akilini. Hata kidogo. Hili ndilo nisilolisamehe.

Kwenye mteremko wa daraja, pale maji yanapokatiza, tuliingia kwenye shimo lisiloonekana. Bikizee aliruka akazima. Baba akazungusha ufunguo, kimya. Hata taa za mbele ya usukani hazikuwaka. Nyuma yetu lori likapiga honi, na maji yakawa yanaingia chini ya milango, juu ya viatu vyangu.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Ningesema. Neno moja tu lilitosha: betri. Nilifungua mdomo na yeye alikuwa ameshatoka. Maji yalimfika magotini. Alisukuma na dereva wa lori na mtu mwingine, mzee wa miaka sabini na shati lake la zahanati, huku mimi nimeshika usukani kwa sababu aliniamuru nishike. Walimfikisha Bikizee pembeni. Baba akafungua boneti kwenye mvua ile. Nikashuka nikasimama ubavuni mwake.

Aliushika waya wa betri, ukachomoka mkononi mwake bila kupinga.

Hakutukana. Aliutazama tu, maji yakimtiririka puani. Halafu akasema polepole, si kwa kuniambia mimi, "Hii nati niliikaza."

"Labda lile shimo, Baba," nikasema.

"Niliikaza Jumamosi." Akaigeuza mikono yake, akaitazama ndani na nje. "Nilidhani niliikaza."

Akaikaza. Bikizee akawaka. Tukafika zahanati, mapazia yakafungwa, mgeni mkubwa hakuja. Baba alishika ngazi akitetemeka, shati limemganda mwilini. Muuguzi alimpa shuka la wagonjwa ajifunike. Njia nzima ya kurudi niliendesha mimi, na yeye hakuniambia hata "punguza mwendo", yeye ambaye hata nikiendesha baiskeli ananiambia punguza mwendo.

Ijumaa, 12 Aprili

Baba ana homa. Nimempelekea uji. Kabla sijakaa ameniomba msamaha kwa jana. Yeye. Ameniomba mimi msamaha.

Jumamosi, 13 Aprili

Hakuja. Homa.

Jumatatu, 15 Aprili

Bwana Kikokotoo amekwenda kutoa malipo ya kwanza ya gari. "Siwezi kukuacha na mzee mkwame kwenye mafuriko tena," alisema. "Fedha au si fedha, hili limekwisha." Alikuwa na huruma ya kweli usoni. Nilimwona akivuka barabara kwa kurukaruka madimbwi, na nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Jumamosi, 20 Aprili

Baba amekuja, amepungua, bado anakohoa. Kila nati aliyoikaza ameniita. "Hebu ishike, mwanangu. Imekaza?"

"Imekaza, Baba."

"Jaribu kwa nguvu."

"Imekaza."

Ameniita mara nyingi sana. Chiriku amemuuliza kwa nini asishike mwenyewe, akamjibu kwamba mikono ya Babu siku hizi inasema uongo. Mtoto akaichukua ile mikono akaisogeza sikioni asikie. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kuanua nguo ambazo hazikuwapo kwenye kamba.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Fundi umeme amechimba. Nimeshona pindo moja mara tatu.

Jumamosi, 27 Aprili

Imekaza? Imekaza.

Amesahau sukari kwenye chai, akasema, "Ona." Watu wote husahau sukari. Mimi mwenyewe jana nimesahau mkasi ndani ya friji. Lakini yeye sasa anajikusanyia ushahidi.

Jumamosi, 4 Mei

Leo Baba amekuja na sanduku la spana kama kawaida, ila halikwenda kwenye gari. Aliliweka sebuleni, katikati ya zulia, chini yake ameweka gazeti lisichafue.

"Mkwe," alimwambia mume wangu, "nasikia mnaleta gari la umeme. Mmefanya vizuri. Kuna kijana wa gereji nitampa hizi spana. Naombeni akija mchana mumkabidhi. Mimi sipendi kuwepo."

Mume wangu alisema, "Baba, sisi hatujakufukuza." Akasema anajua. Akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba makenika asiyejua kama amekaza ni hatari, kwamba siku ile ndani ya gari alikuwamo binti yake, na kwamba angekuwamo Chiriku je? Leseni yake nayo alikuwa ameitoa mfukoni. Aliilaza juu ya sanduku.

Nilikuwa nimepanga mara elfu jinsi nitakavyosema. Nilipanga kuanza na Mama, na upweke, na nia njema. Yote yaliyeyuka.

"Ni mimi niliyeilegeza," nikasema.

Hakuna aliyenielewa.

"Nati ya betri. Uliikaza, Baba. Mimi niliilegeza Jumatano. Na klipu ya maji ni mimi. Na taa. Na lile la kugonga halikuwepo kabisa."

Mume wangu alikaa chini. Baba alibaki amesimama, na nilimwona anarudi nyuma kimawazo, Jumamosi moja moja. Nilisema nilitaka aje. Nilisema akikosa cha kutengeneza anaondoka mapema. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kujivua nguo mbele ya watu, nikamaliza: nikasema baadaye nilikuwa nalitaka lile gari pia, na niliacha hesabu ziharibike makusudi, na kufikia ile taa sikujua tena nalegeza kwa ajili ya nani.

Baba alisema, "Nimekwenda kwa daktari."

"Baba..."

"Nimekwenda kwa daktari wa kichwa, mwanangu. Nimekaa kwenye benchi nikangoja zamu. Ananiuliza leo ni siku gani, nani kakuleta, taja wanyama. Mimi nataja wanyama." Sauti yake ilipasuka hapo. "Ungeniita tu. Ungesema, Baba, njoo. Ningekuja."

"Usingekaa."

"Basi ungeniacha nisikae!"

Sijawahi kusikia Baba akipaza sauti katika nyumba yangu. Alichukua leseni, akaacha sanduku, akatoka bila mwavuli. Kijana wa gereji alipokuja nilimwambia amekosea nyumba.

Jumapili, 5 Mei

Mume wangu hakusema nami mpaka saa ya chakula. Aliondoa kila nilichokiharibu mimi, akahesabu upya. Gari la umeme bado lina faida kwa jinsi ninavyozunguka, ila taratibu zaidi, na kwa kuzingatia gharama ya laini mpya ya umeme tungeweza kungoja Bikizee amalize mwaka mwingine. Malipo ya kwanza hayarudi. "Nimehesabu uongo," alisema. "Mimi." Kwa mtu kama yeye hilo ni tusi kubwa, na nimelistahili.

Jumamosi, 11 Mei

Hakuja. Simu haishiki.

Alhamisi, 16 Mei

Gari limefika. Chiriku amelala ndani yake na madaftari. Limechaji bila kuchoma nyumba. Sina furaha nalo, na nimelifuta lote kwa kitambaa safi.

Jumamosi, 18 Mei

Hakuja tena. Nimekaa dirishani mpaka karibu saa nne, ndipo likanijia jambo ambalo lilipaswa kunijia toka mwanzo. Tangu Mama afariki, sijawahi kwenda kwa Baba Jumamosi. Sikuwahi kwenda hata siku moja bila sababu: uji, dawa, kitu nilichosahau. Nilikuwa namlaumu kwa ugonjwa ambao ni wangu pia: kushindwa kukaa bila kazi.

Nilimchukua Bikizee, ambaye bado hajapata mnunuzi, nikaenda mikono mitupu. Baba alisikia muungurumo, akatoka mlangoni.

"Ana nini?"

"Hana kitu, Baba. Mzima kabisa."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mbovu."

Hakucheka, ila alisogea nipite. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Kiti cha Mama kilikuwa na magazeti, akayaondoa. Nilikaa. Mara tatu niliona mikono yangu inatafuta cha kufanya, ifagie, ioshe kikombe, na mara tatu niliizuia. Alisema daktari hakumwona na tatizo, na kwamba alipojibiwa hivyo hakumwamini. Alisema bado ana hasira. Nikasema najua. Akasema, "Ya kunidanganya nitaisahau. Ya kunitazama nikizikaza zile nati na wewe unaniambia imekaza, imekaza, hiyo bado." Nililia, na hakunibembeleza, na nilikaa mpaka mvua ikakatika.

Jumamosi, 25 Mei

Jua. Sijampigia simu. Sikuwa na cha kumwambia kimeharibika.

Alikuja mwenyewe, mchana, amevaa shati la zahanati, limepigwa pasi. Alimsalimia mume wangu, akavua viatu, akaingia ndani. Alikaa kwenye kochi. Kwenye ncha kabisa, kama mgonjwa anayengoja kuitwa, lakini alikaa, na chai aliinywa yote akiwa amekaa. Chiriku alimpanda mapajani na miguu yake mirefu na kumweleza gari la umeme kuanzia mwanzo hadi mwisho, nusu ni uongo wa kitoto.

"Nilione hilo bubu lenu," akasema hatimaye.

Tulitoka. Alilizunguka. Akafungua boneti, akachungulia kwa muda mrefu. "Humu mimi mgeni," alikiri. Halafu akainama zaidi. Pembeni, chini ya kifuniko, kuna betri ndogo ya kawaida ya kuwashia vifaa, sawa na ile ya Bikizee, waya mbili na nati mbili. Mume wangu alianza kueleza kazi yake, nikamkanyaga mguu.

Baba aliniomba spana. Nililifungua sanduku lake, ambalo tangu siku ile lilikuwa bado sebuleni juu ya gazeti lake, nikamletea. Hakuipokea.

"Kaza wewe."

Nikaikaza. Nilitumia nguvu zangu zote, mpaka vidole vikauma. Nikamwambia, "Imekaza, Baba."

Alinitazama. Kisha akachukua spana mkononi mwangu, akaijaribu ile nati mwenyewe. Akaijaribu mara ya pili, na hakuniita niishike.